Leach Pottery ya St Ives, kwa jicho la mpishi

Wanaotaka jibu la haraka kuhusu Leach Pottery, karakana ya ufinyanzi yenye makumbusho na duka: nendeni. Makumbusho ni madogo, duka ni zuri, mlima wa kufika hapo utawatoa jasho, na bei za vyombo zitawafanya mhesabu mara mbili. Lakini kwa yeyote anayepika, au anayependa kujua chombo anacholia kimepita mikononi mwa nani, pale pana kitu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, napika jikoni kwenye nyumba ya kulelea wazee huku Devon, na chombo nakihukumu kwa kazi yake. Kinatunza joto? Kinamimina bila kuchuruzika? Kinashikika na mkono wenye sabuni? Hayo kwanza, sanaa baadaye. Nimegundua kwamba hata mwenye karakana ile alipenda vyombo vipimwe hivyohivyo, kwa hiyo sidhani kama namwonea.

St Ives iko Cornwall, kule nchi ya Uingereza inakochongoka na kuishia baharini. Treni kubwa unashuka St Erth, halafu unapanda kitreni kinachoambaa na ghuba mpaka mjini. Kaa upande wa kulia, ndiko bahari iliko. St Erth yenyewe kituo cha kupita tu, ila udongo wa kufinyangia uliotumika kwenye karakana ya Leach ulichimbwa hapo pia, basi ukisubiri treni angalia chini. Mjini msikae bandarini na chakula mkononi. Shakwe wa pale ni wezi waliokubuhu, wanakuja kwa nyuma. Kutoka bandarini mnapandisha barabara ya Stennack, mlima mtupu, mpaka mnaona jengo la mawe kando ya barabara. Nilikwenda na wifi yangu, ambaye alisimama njiani akaniuliza kama huyo mfinyanzi alikuwa anawakimbia wateja au vipi.

Kwa asiyemjua: Bernard Leach ndiye Waingereza wanayemwita baba wa ufinyanzi wao wa karakana ndogo, yaani ule wa mtu kufinyanga mwenyewe, kuchoma mwenyewe na kutia mhuri wake, tofauti na viwanda vikubwa vya vyombo vya mji wa Stoke-on-Trent. Alizaliwa Hong Kong mwaka 1887. Mama yake alifariki baada ya kujifungua, mtoto akapelekwa Japani kwa babu na bibi wazaa mama. Alipofika miaka kumi hivi akaletwa shule Uingereza. Akasomea uchoraji Slade, London, akajaribu kazi ya benki kuwaridhisha wakubwa, ikamshinda. Mwaka 1909 akarudi Japani kufundisha uchoraji wa kuchonga kwenye bamba la shaba, na wala hakuwa na habari na udongo.

Udongo ulimkuta kwenye sherehe, mwaka 1911. Wageni walipewa vyombo vya kuchorea, vikapakwa glezi, yaani ule utando unaogeuka kioo motoni, vikatiwa kwenye tanuri dogo na kutolewa vikiwa vyekundu bado. Ndiyo raku. Unachora, muda si muda unakishika chombo chako. Leach alikuwa na miaka 24 na tangu hapo hakutulia mpaka akampata mwalimu, mzee aliyerithi jina la Kenzan, wa sita katika ukoo huo wa wafinyanzi. Mwaka 1920 akarudi Uingereza na Mjapani mmoja wa miaka 25, Hamada Shoji, ambaye yeye alikuwa amesomea sayansi ya udongo na glezi kwenye chuo cha ufundi Tokyo. Mama mmoja mwenye uwezo wa pale St Ives, Frances Horne, akatoa mtaji. Wakajenga hapa, kando ya kijito cha Stennack.

Sasa tanuri. Kama mna nusu saa tu, itumieni hapa, mengine pitieni juujuu. Lina vyumba vitatu vilivyopandana kufuata mwinuko wa ardhi, cha kwanza chini, cha tatu juu. Moto unawashwa chini kabisa. Hewa ya moto haitoki nje moja kwa moja, inapenya matundu ya ukutani kwenda chumba cha pili, kisha cha tatu, ndipo inaishia kwenye dohani. Cha kwanza kikiwa kimeiva, cha pili tayari kimeshapashwa, hakihitaji kuni nyingi kufika mwisho. Anayejua adha ya kununua mkaa ataelewa mara moja akili iliyotumika. Tanuri la namna hii lilikuwa halijajengwa nchi za Magharibi. La kwanza walilojenga Leach na Hamada halikuwa imara, na mwaka 1923 likajengwa upya na Matsubayashi Tsurunosuke, mtaalamu kutoka familia ya wafinyanzi wa Uji, karibu na Kyoto. Hilo la Matsubayashi ndilo mnaloliona leo.

Chungulieni ndani. Matofali yameota ngozi ya kioo. Kila lilipochomwa, majivu ya kuni yaliruka na moto, yakatua ukutani na kuyeyuka, miaka na miaka, mpaka ukuta wenyewe ukawa umepakwa glezi bila mtu kukusudia. Mahali pengine imetiririka na kuganda ikining'inia, kahawia iliyochanganyika na kijani. Wifi alitaka kugusa, nikamvuta mkono. Halijawashwa tangu miaka ya 1970, na vyombo vya sasa vinachomwa kwenye matanuri ya kisasa. Nilisimama pale nikifikiria kitu kimoja tu: Cornwall haina misitu ya maana, upepo wa bahari hauachi mti kurefuka, na hawa watu walijenga tanuri linalokula kuni zaidi ya siku nzima kwa mchomo mmoja. Karakana ilihangaika na fedha miaka yote ya mwanzo. Sishangai hata kidogo.

Karakana ya zamani imeachwa na magurudumu yake. Msikose kuangalia gurudumu la kukanyaga: fundi anakaa kama aliyepanda baiskeli, mguu mmoja unasukuma ubao kwenda na kurudi, mikono inabaki huru. Fundi aliyelisanifu ni Dicon Nance, na gurudumu la aina hiyo likaja kutumika karakana nyingi nje ya Cornwall. Kuna na sehemu ya moto waliyokuwa wanakaa kuizunguka na kubishana. Hapo nilipita haraka. Kiti cha mtu mashuhuri hakinisisimui.

Kinachonisisimua ni nani alifanya nini. Na nitasema wazi, kwa sababu wanaoandika sifa za Leach hupenda kulipunguza sauti jambo hili: huyu bwana kwenye gurudumu hakuwa fundi mkubwa. Alikuwa mchoraji hodari, mwandishi na msemaji hodari zaidi. Hebu hesabuni. Hamada alileta ujuzi wa glezi, akarudi Japani mwishoni mwa 1923. Matsubayashi alijenga tanuri linaloaminika. Miaka ya 1930, baba akiwa Japani, mwanawe mkubwa David alikwenda Stoke-on-Trent kusoma ufundi wa udongo kwenye chuo cha viwandani, kwa wafuasi wa baba yake ni kama kwenda kulala kwa adui. Akarudi na dawa ya maradhi yaliyoitesa karakana: akarekebisha mchanganyiko wa udongo, akahamisha tanuri kutoka kuni kwenda mafuta, akachukua vijana wa mji kama wanagenzi. Wa kwanza wao, Bill Marshall, aliingia mwaka 1938 akiwa kijana mdogo, na baadaye mitungi mikubwa mingi yenye mhuri wa BL, yaani Bernard Leach, ni yeye aliyeipandisha kwenye gurudumu, mzee akaichora na kuipamba. Halafu Janet Darnell, Mmarekani wa Texas aliyejifunza Japani kwa Hamada, akaolewa na Leach mwaka 1956 akiwa mke wa tatu, na yeye ndiye aliyeishika karakana isianguke mpaka alipofariki mwaka 1997. Vyombo vyake mwenyewe ni vikali, vyeusi, vina mikwaruzo, na mimi navipenda kuliko samaki warukao aliowachora mumewe. Mtanisamehe.

Simtoi Leach thamani. Jikoni kwetu pia mpishi mkuu si lazima awe ndiye anayekata vitunguu. Aliona kitu ambacho wengine hawakukiona, na mwaka 1940 akaandika kitabu cha ufundi, A Potter's Book, ambacho vijana wengi waliingia kazini kwa kukisoma. Mwaka uliofuata, Januari 1941, bomu la Wajerumani likaiharibu karakana yake. Miaka ya mwisho macho yalizima, akaacha kufinyanga akaendelea kuandika, na alifariki mwaka 1979 hapohapo St Ives akiwa na miaka 92. Ni maisha mazito. Ninachosema ni kwamba mkiona mhuri, jueni mhuri ni wa mmoja na mikono ni ya wengi. Upo na mhuri wa karakana yenyewe, herufi S na I ndani ya duara, na kwa roho yangu huo ndio wenye ukweli zaidi.

Huo wa karakana ndio uliopigwa kwenye vyombo vya mezani. Mpango huo ulianza kushika mizizi mikononi mwa David na baba yake wakati wa vita na kupanuka baada ya vita: orodha moja ya vyombo, vipimo vilevile, umbo lilelile, mteja anaagiza kwa barua. Vikombe, majagi, mabakuli ya supu yenye mkono mmoja uliotokeza pembeni, sufuria za udongo za kuingiza ovenini, vibakuli vya kuokea mayai. Vyombo vya kulia, si vya kabatini. Leach alipofariki, Janet aliusimamisha mpango huo, na ulipata uhai tena baada ya mahali hapa kukarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2008. Leo vinafinyangwa palepale, na wanaojifunza kazi wapo kati ya wanaovifinyanga.

Nilitoka na bakuli la tenmoku. Hii ni glezi nyeusi yenye chuma nyingi. Pale ilipo nene inakuwa nyeusi kabisa, pale inapokonda, kwenye ukingo na kwenye kila tuta la kidole, chuma kinajitokeza na kuwa kahawia ya kutu, kama ukingo wa chapati iliyoiva sawasawa. Ligeuzeni muone kitako. Duara la chini halina glezi, limeachwa udongo mtupu, kwa sababu glezi ikiyeyuka ingeligandisha bakuli kwenye rafu ya tanuri. Hapo ndipo mnaona udongo halisi, rangi ya mchanga uliolowa, na hapo ndipo pa kupitisha kidole kabla ya kununua chombo chochote cha udongo, popote pale duniani. Kikwaruze meza chako, si changu.

Nyumbani nimelitilia uji wa pilipili manga, mchuzi wa samaki wa nazi, na maharage. Ukuta wake ni mnene kiasi na umbo limesimama, halikutanuka. Umbo hilo lina maana. Siku hiyohiyo mjini tuliingia mgahawa mmoja, jina nalihifadhi, tukaletewa supu ya samaki kwenye sahani pana ya kufinyanga yenye urembo wote, na kabla sijamaliza kupuliza kijiko cha tatu supu ilikuwa imepoa. Chombo kipana kinaachia joto juu kote. Bakuli langu linalitunza, na ule ukingo mnene haumchomi mtu mdomo. Mafuta ya nazi yanang'ang'ania vyombo vingi, hapa yanatoka kwa maji ya moto na sabuni kidogo. Uzito upo, siwafichi. Wazee ninaowapikia, wenye mikono inayotetemeka, nisingewapa hili. Mimi na mkono wangu wa kusonga ugali halinisumbui.

Jagi nalo tulilijaribu dukani kwa macho tu, ila mpishi anajua pa kutazama. Angalieni mdomo: ukingo wa chini wa mdomo uwe mkali, ukate tone, la sivyo chai itarudi kwa chini na kulowesha kitambaa. Angalieni mkono ulivyokaa. Hawaukati kwa kisu. Wanachukua kipande cha udongo, wanakilowanisha na kukivuta kwa vidole kushuka chini kama anayekamua, mpaka kirefuke na kukonda chenyewe, ndipo wanakibandika begani mwa jagi na kukikunja. Mkono uliovutwa hivyo unakuwa mnene juu unakobeba uzito na mwembamba katikati vidole vinakopita. Ukishika mmoja baada ya miaka ya vikombe vya kiwandani, mkono wako mwenyewe utakuambia.

Onyo moja kwa watu wa nyumbani. Vyombo hivi vimechomwa karibu nyuzi 1,300 za Selsiasi, udongo umefunga kabisa, haupitishi maji. Ovenini vinaingia, taratibu. Kwenye moto wa gesi au wa mkaa, msithubutu, vitapasuka. Chungu cha kwetu kinachochomwa kwa kuni na nyasi uwanjani kinafika moto mdogo zaidi, udongo wake unabaki na vinyweleo na punje za mchanga, na ndiyo maana kinavumilia mafiga: kinatanuka na kusinyaa bila kufa. Na ndiyo maana mtungi unapoza maji, kwa kuvuja jasho. Mtu asije akamwambia mfinyanzi wa kwetu kwamba chombo chake ni cha daraja la chini kwa sababu hakina glezi. Kila kimoja na kazi yake.

Hilo tulilizungumza na wifi tukishuka mlima, kwa sababu aliuliza swali zuri: "Wifi, huyu mzee Mashariki na Magharibi kila ukuta. Sisi je?" Leach maisha yake yote aliyajenga juu ya kukutana kwa Japani na Uingereza. Aliyeelekea Afrika ni mwanagenzi wake, Michael Cardew, kijana wa Oxford aliyeingia hapa mwaka 1923. Cardew alifanya kazi Gold Coast, Ghana ya leo, wakati wa vita, kisha Nigeria, akaanzisha kituo cha kufundishia ufinyanzi Abuja mwanzoni mwa miaka ya 1950. Si Abuja ya serikali ya leo, ni mji wa zamani unaoitwa sasa Suleja. Mwaka 1954 akaingia kituoni Ladi Kwali, mwanamke wa kabila la Wagbagyi ambaye tayari alikuwa fundi kwao. Aliendelea kupandisha mitungi kwa mkono, bila gurudumu, na kuikata michoro ya mijusi na mamba. Wakaipaka glezi na kuichoma kwa moto mkali. Ikaonyeshwa London, ikasifiwa sana. Mtungi uliopakwa glezi haupozi maji tena, hilo mpishi lazima aliseme. Lakini Wanigeria wamemweka Ladi Kwali kwenye noti yao ya naira 20, na Leach hayuko kwenye noti yoyote.

Mkenya naye yumo katika mstari huu. Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1950, alikuja Cambridge mwaka 1971 kusomea sanaa za michoro, akahamia udongo. Katikati ya miaka hiyo ya 1970 alikwenda Abuja, kwenye kituo alichoacha Cardew, na Ladi Kwali alikuwa bado yupo. Odundo hakuchukua tenmoku wala gurudumu. Anapandisha kwa mkono, anasugua uso wa chombo mpaka ung'ae, anachoma: moto wenye hewa ya kutosha unatoa rangi ya machungwa, moto ulionyimwa hewa unatoa nyeusi. Mwaka 2020 Uingereza ilimpa cheo cha Dame. Vyombo vyake havihifadhi uji wala maji, vinahifadhiwa vyenyewe, kwenye makumbusho makubwa. Kwa hiyo kwa kipimo changu cha jikoni vinafeli vyote, na ningevitazama kuanzia asubuhi mpaka jioni.

Bei. Bakuli la kawaida ni makumi ya pauni, na chochote chenye mkono wa fundi anayejulikana kinapanda kutoka hapo. Vyombo vya Leach mwenyewe ni habari ya minada, tuviache. Wifi alilishika bakuli la uji, akasoma kikaratasi, akalirudisha rafuni kwa adabu zote. Namwelewa. Kuna mgongano wa zamani hapa: maneno yote yalikuwa juu ya vyombo vya mtu wa kawaida, na mtu wa kawaida hununua kwingine. Lakini yupo kijana anafinyanga mlango wa pili na anastahili mshahara wa Uingereza, na bakuli lile siyo la msimu. Ushauri wangu ni kununua kimoja cha kutumika kila siku, msinunue seti. Mkiwa na fedha ya kimoja tu, kikombe au bakuli la tenmoku. Rangi nyepesi ya madoadoa ni nzuri pia, ila kwa mchuzi wa manjano sijaijaribu.

Kabla ya kwenda angalieni siku za kufungua, maana hubadilika kwa msimu, na majira ya baridi mji wenyewe unalala. Mwenye magoti mabovu achukue basi kupanda na ashuke kwa miguu. Na mnaopeleka zawadi nyumbani: chombo kiingie mkoba wa mkononi, si begi la kupakiwa. Ndani mjaze soksi, nje mzungushe kanga mbili, mdomo uelekee chini. Bakuli langu la pili limefika Tanga kwa mama hivyo, zima, na nasikia anawekea kachumbari.